Siku Kumi za Mzee Wolfert

Hesabu aliipiga Hillegond mwenyewe, kwa chaki, kwenye mlango wa banda la ng'ombe, na ndiyo maana baadaye hakuwa na wa kumlaumu. Mumewe Aernt alisimama pembeni na kiko chake cha udongo mdomoni, akiitikia kila kitu kwa kichwa.

"Sikiliza, baba Fijtje. Tarehe za Utrecht zinapishana na zetu kwa siku kumi. Mimi nimezaliwa kule, hayo nayajua. Sasa, sisi huku Holland ikiwa mosi Mei, kule ni tarehe kumi na moja. Kwa hiyo mpangaji wa zamani atakuwa ameshatoka siku kumi nzima. Tutaikuta nyumba tupu, imeshapigwa upepo, kazi yetu kuwasha moto tu."

"Msomi ni wewe," Aernt alisema.

Msomi alikuwa ameongeza pale alipotakiwa kutoa. Wala si yeye wa kwanza. Tangu Papa wa Roma alipofuta siku kumi ili kalenda ilingane na jua, Holland iliikubali hesabu yake, ingawa Papa mwenyewe haitaki hata kumsikia. Utrecht ikasema haitaki Papa wala hesabu yake. Basi mtu akitoka Holland akavuka mfereji kidogo tu kupita mji wa Woerden, alirudi nyuma siku kumi kabla matope hayajakauka viatuni. Watu wa mpakani wenye akili waliandika barua zao kwa tarehe mbili, moja juu na moja chini. Na pande zote mbili mikataba ya mashamba ilianza na kuisha mosi Mei, siku ambayo nusu ya nchi inahama na vitanda mgongoni. Ila mosi Mei ya nani, hapo ndipo penye kazi.

Jambo ambalo Hillegond hakuliandika kwa chaki ni kwamba mpangaji huyo wa zamani alikuwa baba yake mzazi. Mzee Wolfert alikuwa amechoka kukamua, na sasa alikuwa anakwenda kukaa kwa mwanawe Tymen kule Harmelen. Ni Tymen aliyemnong'oneza Aernt kwamba shamba litakuwa wazi. Hillegond na baba yake walikuwa hawajasemeshana kwa miaka kumi na moja, tangu mzee alipoacha kuja kwenye harusi yake. Alikuwa amemwita Aernt mtu asiye na ng'ombe hata mkia, na siku ya harusi kiti chake kilikaa kitupu tangu asubuhi hadi watu wakaondoka. Hillegond alikiangalia kiti kile siku nzima. Kwa hiyo hesabu ya chaki ilimfurahisha kwa sababu ilimpa nyumba ya kwao bila kumpa uso wa baba yake. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na mtu akijiambia jambo mara nyingi mno, ujue moyo una lake.

Walihama mwaka ule vita na Mhispania viliposimamishwa. Wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu kengele zipigwe na watu wachome mapipa ya lami barabarani, na bado wazee walikuwa wakiambiana habari ile kana kwamba ni ya asubuhi hiyo: miaka kumi na miwili bila vita. Vitanda, kabati na kinu cha siagi vilikwenda kwa tishali, ile mashua pana ya mizigo. Aernt aliwaswaga ng'ombe wanane juu ya tuta, na Hillegond akafuata nyuma na binti yao Fijtje, mwenye miaka tisa, aliyebeba paka ndani ya kikapu. Walivuka mfereji wa mpaka alasiri. Hillegond aliiona miti ya kwao kwa mbali, kisha akaliona paa la nyasi, kisha akaona kitu ambacho hakukitarajia kabisa. Bomba la moshi lilikuwa linafuka.

Mzee Wolfert alikuwa amesimama mlangoni, bakuli la uji mkononi, kijiko mdomoni. Alikuwa amepungua mwili, lakini nyusi zilikuwa zilezile, nene na zenye amri. Alikitoa kijiko taratibu.

"Mmewahi," alisema.

Miaka kumi na moja, na hilo ndilo neno la kwanza.

"Leo ni mosi Mei," Hillegond alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa udogo.

"Kwenu huko. Hapa ni tarehe ishirini na moja Aprili, na nyumba hii ni yangu mpaka mosi Mei, saa sita mchana, kengele ya kanisa ikilia. Mkataba uko sandukuni. Nikuletee?"

Hillegond alihesabu kimoyomoyo, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaiona akilini chaki yake kule kwenye mlango wa banda, ambalo tangu asubuhi lilikuwa na ng'ombe wa watu wengine. Uso ukamwaka moto.

"Uliongeza?" mzee aliuliza.

"Niliongeza."

"Hm. Papa mnamfukuza kanisani, halafu mnampokea kwenye kalenda. Haya, mwambieni awatafutie pa kulala."

Aernt alikitoa kiko mdomoni. "Mzee, sisi tutajibana popote. Ila ng'ombe hawa wamejaa maziwa, na wametembea tangu alfajiri."

Mzee Wolfert aliwatazama wale ng'ombe mmoja mmoja. Alikaa nao muda mrefu kuliko alivyokaa na wageni wake, na mwisho akaweka bakuli chini.

"Ng'ombe hawana kosa. Ng'ombe hajui kalenda. Wapelekeni malisho ya chini, karibu na mfereji. Na ninyi laleni bandani, nyasi zipo. Maziwa yagandisheni kwenye chumba cha jibini, maana kuyamwaga ni dhambi. Lakini nyumba ni yangu."

Ndivyo zilivyoanza zile siku kumi. Hillegond alizichukia kwa usiku mmoja. Alilala juu ya nyasi akisikiliza baba yake akikohoa upande wa pili wa ukuta wa mbao, akajua sasa anachokitaka, na akajua pia kwamba kina mwisho. Siku kumi, kisha Tymen angekuja na mkokoteni, mzee angepanda, na kwa umri wake na kikohozi kile hakuna aliyejua kama kungekuwa na mara nyingine. Kama lipo neno la kusemwa kati yao, lilikuwa na siku kumi za kusemwa. Nani angeanza, hilo ndilo lililomnyima usingizi, maana yeye aliona aliyekosa harusi ndiye wa kuanza, na alikuwa ni binti wa Wolfert hasa.

Lakini asubuhi ilipofika, kazi iliwapanga yenyewe. Maziwa hayasubiri watu wapatane. Hillegond aliyamimina kwenye pipa, akatia dawa ya kugandishia itokayo tumboni mwa ndama, na mikono yake ikakumbuka kila rafu na kila ndoano ya chumba kile alimojifunzia kazi. Mzee alipita mlangoni na fimbo yake, akasimama.

"Umetia nyingi."

"Sijatia nyingi, baba. Maziwa ya Mei yanataka hivi."

"Ni Aprili."

"Waulize ng'ombe," Hillegond alisema, na alipogeuka akaona bega la mzee likitikisika anapoondoka. Hakuwa na hakika kama ni kikohozi.

Siku ya tatu mzee alimpa Aernt sepetu, akamwonyesha mtaro uliojaa tope. "Mgeni siku mbili, bwana mkubwa. Ya tatu mpe jembe. Majembe sina." Aernt alichimbua tope siku nzima akiimba vibaya, na jioni mzee alipita kuukagua mtaro kwa fimbo, mwanzo hadi mwisho, asipate pa kutia kasoro. Hilo lilimkera kidogo. Fijtje yeye alikuwa ameshaingia ndani tangu siku ya pili, paka akiwa sababu, na sasa alikuwa akila uji wa babu yake kutoka bakuli moja. Mkataba, mzee alieleza, haukusema lolote juu ya watoto na paka.

Siku ya tano alisema mvua inakuja na udongo wa bandani una baridi, basi wangeweza kula mezani, kula tu. Walikula mkate mweusi, siagi na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Aernt, ambaye kimya humuwasha, alianza kusimulia habari aliyoisikia Woerden: kwamba Middelburg kuna fundi wa miwani aliyetengeneza bomba lenye vioo viwili, na mtu akilitia jichoni anaona saa ya mnara wa mji wa mbali, mpaka mshale wake.

"Uongo," mzee alisema.

"Wakubwa wa vita wamelinunua, mzee. Nakwambia kweli."

"Basi waligeuze kinyumenyume watutafutie zile siku kumi zilikokwenda." Mzee alikata mkate. "Na wewe acha kula moshi mezani kwangu. Ukitaka kukauka, jining'inize pale na samaki."

Fijtje alicheka mpaka akapaliwa. Hillegond naye alicheka, na katikati ya kicheko akagundua kwamba ana furaha: mvua inapiga paa la kwao, mumewe anazimisha kiko kwa adabu, baba yake anajitia ukali huku akimmegea mtoto kipande kikubwa. Furaha ile ilimtia hofu. Siku zilizobaki zilikuwa tano, na yeye na baba yake walikuwa wamezungumza juu ya maziwa, juu ya mtaro na juu ya mvua.

Siku ya sita kalibu ziliisha. Kalibu ni chombo cha mti cha kushindilia jibini kilipe umbo, na maziwa ya ng'ombe wanane yakijumlishwa na ya wale watatu wa mzee yalikuwa yamezijaza zote. Ilibaki moja, rafu ya juu kabisa, nyuma ya chujio kuukuu. Hillegond alipanda juu ya ndoo akaishusha. Ilikuwa ya mti mzuri, nyeupe ndani, haijawahi kuonja maziwa, jambo la ajabu katika nyumba ile isiyokaa na chombo bure. Chini yake palichongwa maua, na katikati yake michoro midogo ya kupindapinda ambayo hakuielewa. Aliiloweka kwa maji ya maziwa ili isipasuke, akaishindilia, akaweka jiwe juu.

Kesho yake asubuhi aliipindua. Jibini ilitoka nzima, changa, yenye jasho, na juu yake maandishi yamesimama wazi, kwa sababu aliyechonga aliyachonga kinyume ili yasomeke juu ya jibini. Hillegond aliyasoma akiwa na mikono iliyolowa.

Hillegond na Aernt. 3 Mei 1598.

Alikaa juu ya ile ndoo. Kisha akainuka, akaibeba jibini kifuani kama ilivyo, akatoka. Mzee alikuwa kwenye benchi juani, akinoa mundu.

"Baba, hii ni nini?"

Mzee alitazama. Jiwe la kunolea likasimama. "Nilikuambia ile ya juu uiache?"

"Hukuniambia."

"Nilisahau basi." Akaendelea kunoa, mara mbili, kisha akaacha. "Ni zawadi ya harusi. Nilichonga majira yote ya baridi."

"Lakini hukuja."

"Nilikuja."

Hillegond alimtazama asielewe. Mzee aliuweka mundu chini kwa uangalifu, maana alikuwa ametoa neno moja na sasa ilimbidi atoe yote.

"Barua yako ilisema tarehe tatu Mei, saa nne asubuhi, kwa mama yake Aernt, Bodegraven. Tarehe moja tu uliandika. Nikavaa koti langu la kanisani, nikatembea tangu usiku. Ilikuwa Jumatano. Nikajisemea, watu wa Holland mambo yao mengi, wanaoa hata siku ya kazi. Saa nne nimesimama njiani, kalibu kwapani. Hakuna wageni, hakuna muziki. Ukatoka wewe na beseni. Ukaanza kuanika mashuka, unaimba. Umefunga kitambaa kichwani, tayari mke wa mtu."

Hillegond alizihesabu zile siku kumi, na mara hii hakukosea. "Tarehe tatu ya Holland," alisema. "Baba, mimi nilikuwa mtumishi Leiden mwaka wa tatu. Ndiyo tarehe niliyoizoea. Nilidhani unajua."

"Nilijua. Sikuwa mjinga. Nilipofika daraja la Woerden, narudi, ndipo nikazikumbuka siku kumi. Lakini mimi nilisema mwanangu akiniandikia, anihesabie siku za nyumbani. Nikasema, kama ameshasahau tarehe ya kwao, basi ameshatusahau." Alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Hasira ilikuwa imeshapanda, na aibu pia. Mtu na koti lake la kanisani, amesimama njiani anaangalia mashuka."

"Ungeniita tu."

"Ningekuita. Ndiyo. Hilo nimeliwaza miaka kumi na moja."

Hillegond alikaa kando yake kwenye benchi, jibini mapajani, akalia bila kujificha. Alilia kwa ajili ya kile kiti kitupu alichokichukia bure, na kwa ajili ya baba yake njiani, hatua hamsini kutoka beseni lake. Mzee hakujua la kufanya na kilio. Mwishoni alinyoosha kidole akaibonyeza jibini pembeni.

"Umetia dawa nyingi," alisema. "Lakini imeshika vizuri."

"Ulijua ni sisi tunakuja kupanga hapa?"

"Msimamizi wa ardhi aliniuliza kama nawafahamu. Nikamwambia mwanaume simjui, lakini mwanamke anajua jibini."

Siku tatu zilizobaki walizungumza kufidia miaka, mpaka Aernt akalalamika kwamba zamu yake ya kusema haifiki. Hata hivyo mosi Mei ya Utrecht ilipofika, Tymen alikuwa uani na mkokoteni tangu asubuhi, na Mzee Wolfert alikataa kabisa kubaki. Aernt alimwomba, Fijtje alimshika koti. Mkataba ni mkataba, alisema. Yeye hakuwalaza bandani siku kumi kwa sheria ili aje aivunje mwenyewe. Kengele ya kanisa ilipolia saa sita, alimpa binti yake ufunguo, akapanda. Hapo Hillegond akamtia karatasi iliyokunjwa mkononi.

"Soma ukifika, baba."

Mzee aliifungua palepale, maana subira haikuwa sifa ya ukoo ule. Aliisoma polepole, midomo ikicheza, akaikunja tena, akaitia kifuani. "Twende," alimwambia Tymen, na hakugeuka nyuma.

Siku mbili baadaye, nyumba ilinuka mdalasini. Hillegond alikuwa amepika uji wa mchele wa harusi, wenye sukari na siagi juu, na jirani aliyeleta zumari aliambiwa asithubutu kupuliza kabla ya wakati. Majirani walikaa mezani wakiulizana harusi ya nani, maana waliowaona hapo ni mke na mume na binti yao wa miaka tisa. Aernt alikuwa amenyolewa na kubanwa ndani ya koti lisilofunga tena tumboni. Jibini yenye majina ilikaa katikati ya meza, nzima, bila kisu karibu. Mwanzoni mwa meza palikuwa na kiti kitupu.

Saa nne kamili mtu alibisha hodi, ingawa mlango ulikuwa wazi. Mzee Wolfert alikuwa amesimama nje, ndani ya koti la kanisani lililompwaya mabegani, Tymen nyuma yake. Mkononi alishika ile karatasi, kwa hakika tu, na tarehe zake mbili zilionekana, moja juu na moja chini: kumi na tatu Mei, na tatu Mei. Alitazama ndani, akaona watu wamevaa, akamwona mwenye zumari, akaiona meza.

"Nimechelewa?" aliuliza.

Hillegond alikwenda akamshika mkono, akamvusha kizingiti.

"Pita, baba. Tulikuwa tunakungoja wewe tuanze."